Bwana Picha na Mioyo ya Karatasi

Ukimpa mkono Bwana Picha, ujue hatauachia upesi. Ataitikia salamu yako, ataulizia wa nyumbani, na huku vidole vyake vishateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono wako na vinahesabu mapigo. Nimemwona akiwafanyia hivyo wauza kahawa, mahamali wa bandarini wanaovuta magari ya karafuu, hata bwana harusi mmoja siku ya harusi yake. "Unakwenda mbio," alimwambia yule bwana harusi mbele ya watu, "lakini leo una sababu." Watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kuhesabu.

Jina lake nalijua na sitaliandika, maana Mji Mkongwe mzima hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwenye chumba cha picha katika hospitali ya serikali, chumba cha ile mashine inayopiga picha ya ndani ya kifua, akawa Bwana Picha, basi. Wapo waliomkwepa njiani wakisema anaona mpaka siri za mtu. Mimi nilifanya kazi naye takriban miaka ya hamsini yote, na naweza kuapa kuwa siri za watu hakuwa na haja nazo. Haja yake ilikuwa moja: kujua kama moyo ulionenepa unaweza kurudi kama ulivyokuwa.

Nilikuwa fundi cherehani wa hospitali. Nilishona mashuka, foronya na nguo za wagonjwa katika chumba kilichotazamana na chake. Siku moja aliingia bila kupiga hodi, jambo ambalo kwetu si adabu hata kidogo, akaokota mkasi wangu, akautazama makali yake, akaniuliza kama naweza kukata juu ya mstari bila kutoka nje hata unywele mmoja. Nikamjibu, kwa ukali kidogo, kuwa huo ndio ufundi wenyewe.

"Basi kesho utanikatia moyo," alisema, akaenda zake.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa ufupi. Yeye alinieleza kwa asubuhi nzima. Picha ya kifua aliitundika mbele ya taa, na juu yake akabandika karatasi nyembamba ya mafundi, ile tunayochorea mitindo ya nguo. Kwenye picha moyo huonekana kama kivuli, naye alikifuata kivuli kile kwa penseli mpaka mstari ukafunga. Mimi nikakata. Kisha moyo ule wa karatasi ukawekwa kwenye mizani ndogo ya sonara, ile inayopimia vipuli na pete. Kivuli kikubwa, karatasi nzito. Kivuli kidogo, karatasi nyepesi. Wagonjwa wote walisimamishwa kwenye mstari mmoja aliouchora sakafuni kwa rangi nyekundu, wakavuta pumzi kwa namna moja, na karatasi zote zilitoka katika bunda moja. Alijivunia sana lile bunda. Alilifungia kabatini na ufunguo akautia shingoni.

Alikuwa mtu wa kurudia. Nikimaliza kukata, atasema pima. Nikishapima, pima tena. Ukimuuliza jambo lolote, jibu lake lilikuwa "bado hatujui". Mvua itanyesha leo? Bado hatujui. Yule kijana wa duka la vitambaa anafaa kuwa mume wa mtu? Bado hatujui. Daktari mkuu, Mzungu mrefu mwenye haraka, alikuwa akisema kuwa moyo ukishakua umekua, haurudi. Bwana Picha alimsikiliza kwa heshima zote, mikono nyuma, na mlango ulipofungwa aliniambia kuwa na hilo pia bado hatujui.

Kitu kimoja alikihimiza kila siku, ili mtu asije akadanganyika: kivuli kinaonyesha ukubwa wa moyo, hakionyeshi unene wa nyama yake. Unene aliutafuta kwa kiganja. Aliweka mkono chini ya ziwa la kushoto la mgonjwa, na kwa wanawake aliuweka muuguzi, na Bwana Picha akamuuliza maswali kutoka nyuma ya pazia. Moyo unaogonga na kuondoka ni wa kawaida. Moyo unaounyanyua mkono na kuushikilia juu, huo nyama yake imenenepa.

Sasa sikiliza ajabu yake. Mtu huyu, ambaye maisha yake yote yalikuwa moyo, alikuwa hawezi kuona damu. Kuku akichinjwa, yeye yuko chini amezimia. Hata hivyo siku moja alirudi kutoka sokoni Darajani na mioyo miwili ya ng'ombe ndani ya kikapu, mmoja wa ng'ombe aliyevuta gari miaka, mmoja wa ng'ombe wa malishoni. Akaniwekea kikapu mezani, akageukia ukutani, akaniamuru nikate na nimsomee unene kwa futi yangu ya kupimia nguo. Ukuta wa kushoto wa moyo wa ng'ombe wa gari ulikuwa mnene kuliko wa mwenzake, na nilipomsomea alipiga ukuta kwa kiganja kwa furaha, uso bado umegeukia huko huko.

"Umeona," alisema. "Moyo ni nyama. Ukiutumikisha unanenepa, mfano wa mkono wa hamali."

Kisha akanieleza yaliyobaki, bado ananipa mgongo. Ng'ombe hupumzika jioni, lakini mtu mwenye presha moyo wake haupumziki. Unasukuma damu katika mishipa iliyokaza, mchana kutwa na usiku kucha. Unajijenga upya, ila unajijenga vibaya, kama mwenye nyumba anayeongeza kuta kwa ndani mpaka akakosa pa kukaa. Mwisho unachoka na kutanuka, na hapo ndipo miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Mimi nilikuwa nimeshika kisu na nimesahau kukiweka chini. Nilishona nguo za watu wa namna hiyo kila siku, na sikuwahi kujua kinachowaua ni bidii ya moyo wenyewe.

Chumvi aliipiga vita. Wenye presha wote aliwakataza, kwa amri ya daktari na kwa nyongeza yake mwenyewe. Lakini mtoto wa meza yake ukimvuta unakuta chupa ya achari ya embe, tena ile kali iliyokolea chumvi mpaka inauma ulimi. Nilipomfuma hakushtuka. Alisema kila utafiti unahitaji mtu wa kulinganishia, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, amejitolea yeye.

Mwaka mmoja wa masika makubwa aliletwa mama yangu. Mama alikuwa mpishi wa harusi kule Mtoni. Kuanzia Mtoni mpaka Bububu hakuna sherehe iliyofanyika bila masufuria yake, na biriani lake lilisubiriwa kuliko bibi harusi. Miguu ilikuwa imevimba, hawezi kulala chali, anahema akivuka ua. Ilikuwa presha. Moyo wake wa karatasi niliukata mimi mwenyewe kwa mkasi wangu, na nilipouweka kwenye mizani ulizama chini mpaka nikaona aibu, kana kwamba kosa ni langu.

Akakatazwa chumvi. Ni kama kumwambia mshonaji asishike sindano. Mpishi wa harusi kazi yake ni kuonja. Anaonja mchuzi, anaonja nyama, anaonja wali, na kila akionja anameza. Mama aliamua kuwa ikiwa haonji hapiki. Akakaa barazani kwake akitazama masufuria yake yakiazimwa na watu wasiojua kuyatumia. Hakulia, ila aliacha kutuuliza habari za harusi za watu.

Masika yakapita, kipupwe kikaingia na upepo wake mkavu. Bwana Picha akawaita wagonjwa wake wote upya, akawapiga picha, nami nikakata. Mioyo ilikuwa imepungua. Si wa Mama tu, karibu yote. Kila niliouweka ulikuwa mwepesi kuliko wa masika. Sijapata kumwona mtu mzima katika furaha ile. Alitoka mbio kichochoroni bila kofia, akasahau alikokuwa anakwenda, akarudi. Yule daktari Mzungu alikuja, akapima mwenyewe mara mbili tatu, halafu akaandika barua ndefu ya kupeleka Ulaya ikasomwe mbele ya madaktari wenziwe. Moyo ulionenepa unarudi, na aliyeonyesha ni mtu wa Unguja, na mkasi ulikuwa wangu. Nilitembea Mji Mkongwe nikiona vichochoro vimepanuka.

Bwana Picha alipanda basi kwenda Mtoni kumwambia Mama kwa kinywa chake. Mama akamsikiliza, akamshukuru, na wiki ile ile akarudi kwenye masufuria. Akarudi na kwa papa, samaki wake ampendaye, aliyekaushwa kwa chumvi.

Aliyegundua kosa ni mimi, na natamani ningesema niligundua kwa akili. Nilikuwa napiga pasi mashuka. Moyo mmoja wa masika ulikuwa umekunjika ndani ya bahasha yake, nami sipendi kitu kilichokunjika, nikaupitishia pasi ya makaa. Kabla ya kuurudisha nikauweka kwenye mizani, kwa mazoea tu ya kupima tena. Ulikuwa umepungua. Hakuna mgonjwa aliyepumzika, hakuna chumvi iliyokatazwa, ni pasi tu. Nikachukua wa pili, ukapungua. Wa tatu, ukapungua. Fundi yeyote wa mji huu anajua kuwa masika karatasi hulegea na mkasi hauing'ati sawasawa, kwa kuwa imekunywa unyevu. Nilijua tangu nilipojifunza kazi, na sikuwahi kufikiri kuwa maji yale yana uzito.

Nilikaa na siri ile siku mbili. Nasema kweli, sikutaka kumwambia. Barua ilikuwa inasubiri meli, yeye alikuwa anatembea kama kijana, na Mama alikuwa amechukua harusi mbili za mfululizo. Siku ya pili nilikwenda Mtoni nikamkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi haijakunwa hata nusu, anahema mdomo wazi. Nilirudi mjini kwa basi lile lile lililonileta.

Nilimwekea Bwana Picha moyo mmoja wa masika mezani, nikamwomba aupime. Akapima. Nikaupiga pasi mbele yake, nikamwomba apime tena. Mizani ilipoinuka alibaki ameishika.

"Karatasi ilikunywa maji," nilisema.

"Pasi i moto bado?"

"I moto."

"Lete wa mama yako."

Nikaupiga pasi ule wa masika, nikaupiga na ule wa kipupwe, tukaiweka miwili hiyo kila mmoja kwenye sahani yake. Sahani zikasimama sawa kabisa. Sikuweza kujizuia, nililia pale pale juu ya mashuka ya serikali.

"Mama yako moyo wake haujapungua, Bi Fundi," alisema taratibu. "Mimi nimemwambia umepungua."

Nilidhani amevunjika moyo. Kwa muda alikuwa amevunjika kweli, uso umemsawijika, mikono juu ya magoti. Kisha akanyanyuka, akavua koti, akasema tupige pasi yote. Tukaanza asubuhi ile ile. Mimi napiga pasi, yeye anapima na kuandika, na moyo mmoja baada ya mwingine ukawa kama wa Mama, haujapungua chochote. Ilipokaribia adhuhuri akatulia juu ya mizani, akaniita. Ulikuwapo mmoja uliopungua, na ulikuwa umekauka kama wenziwe. Baadaye tukapata mwingine, na mwingine. Akakimbilia vyeti vya wagonjwa, akavisoma akiwa amesimama, na sauti ikaanza kumpanda. Wote waliopungua walikuwa wagonjwa wa safura, wale ambao minyoo iliwanyonya damu mpaka wakapauka, na mioyo yao ikatanuka kwa kuisukuma damu nyepesi. Walipopewa dawa na damu ikarudi, mioyo nayo ikarudi.

"Inarudi," alisema. "Si yote, lakini iko inayorudi. Bi Fundi, tusingekosea tungedhani tunajua."

Alikwenda kwa yule daktari yeye mwenyewe, siku ile ile, akamwomba barua isiende. Nilisikia sauti ya Mzungu kutoka ng'ambo ya ukumbi, na haikuwa ya furaha. Alisema alikwisha kuwaandikia watu, na sasa ataonekana mjinga. Bwana Picha alimjibu kuwa wale wa Ulaya wakiamini, kuna mgonjwa mahali fulani ataambiwa amepona naye hajapona, kama alivyoambiwa mpishi mmoja wa Mtoni. Barua ikachanwa. Ikaandikwa nyingine, fupi, ya wagonjwa wa safura tu. Tangu siku ile karatasi zetu zilipigwa pasi kwanza, zikawekwa katika mkebe wa biskuti uliojaa mchele uliokaangwa ukakauka, na majina ya wagonjwa yakafichwa. Alisema mkono wangu ulitaka Mama apone, na mkono unaotaka jambo haufai kujua umeshika karatasi ya nani.

Ikabaki Mama. Nilitaka niende mimi. Alikataa, akasema aliyesema uwongo ndiye aendaye. Tulimkuta uani kati ya masufuria. Bwana Picha hakuzunguka.

"Bi Mkubwa, nlikosea. Moyo wako uko vile vile. Chumvi haikufai."

Mama alimtazama juu mpaka chini. Nilimwogopea yule mtu, maana ulimi wa Mama haukuwa mdogo.

"Sasa nifanyeje?" alisema. "Nipike harusi za watu kwa kubahatisha?"

"Ukimeza chumvi utakufa."

"Nani kakwambia lazima nimeze? Ramadhani mwezi mzima nnapika futari. Naonja kwa ncha ya ulimi, natema, na saumu yangu iko pale pale."

Bwana Picha akatoa penseli. Akamwomba aseme tena, polepole, naye akaandika kwenye pakiti ya sigara. Wanawake wote wa Unguja walijua jambo lile, na katika amri zote za hospitali hakuna aliyefikiri kumwambia mpishi afunge Ramadhani ya ulimi mwaka mzima. Akamshika Mama mkono kumpongeza, na vidole vyake, kama mjuavyo, vikaanza kuhesabu.

Hivyo Mama akapika. Alionja na kutema, na chakula chake mwenyewe akala chukuchuku, bila chumvi. Vidonge vipya vya presha vilipofika alimeza kila asubuhi akinung'unika. Wapishi wanaoinukia wakamwona akitema kando ya sufuria, wakadhani ndiyo siri ya biriani lake, na mpaka leo wapo Mtoni wanaotema bila kujua kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ile Bwana Picha alistaafu. Miale ya ile mashine ilikuwa imemla ngozi ya vidole, imepasuka na kuwa migumu, hawezi tena kushika karatasi nyembamba wala kuhisi mapigo vizuri. Ila mkono ukimpa bado alikushika hapo hapo. Asubuhi moja nilikuwa Mtoni kwa Mama, ana harusi kesho yake, tukasikia hodi. Ni yeye, na kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ashatoa mizani, mkebe wa mchele na karatasi mbili zilizochorwa, hazina jina, zina alama ndogo tu kwa nyuma. Mama alikuwa amekwenda kupigwa picha wiki iliyopita, na mimi sikujua kuwa mwenye chumba cha picha wa sasa alimchorea mzee mioyo yote miwili, wa zamani na wa sasa.

"Kata," aliniambia. "Usigeuze."

Nilijua ni mioyo ya nani. Nisichojua ni upi wa zamani na upi wa sasa. Nilikata nikiwa nimezuia pumzi, nikaweka mmoja kushoto, mmoja kulia. Wa kushoto ukainuka. Si sana, lakini uliinuka, ukakaa juu. Akaniambia nibadilishe sahani, isije ikawa mizani ndiyo inayosema uwongo. Nikabadilisha. Ule ule ukainuka.

"Geuza sasa."

Nikageuza. Alama yake ilikuwa ya mwaka huu. Bwana Picha alikaa chini juu ya kinu, akasimama, akakaa tena, akaanza kucheka peke yake machozi yakimtoka. Miaka yote ile ya kupima tena, na umerudi, japo kidogo, moyo wa presha, wa mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumwambia uwongo. Alimwita Mama kwa sauti ambayo jirani waliisikia.

Mama akaja kutoka jikoni, akatutazama, akaitazama mizani, akafahamu.

"Usinambie," alisema. "Mara ile ulinambia, nkaamini."

Bwana Picha akamsogezea mizani. Mama akanawa mikono, akaikausha kwa upindo wa kanga mpaka vidole vikawa vikavu kabisa, akachukua karatasi moja akaiweka, akachukua ya pili akaiweka. Aliinama mbele ya mizani na kutazama sahani moja ikipanda mpaka ikasimama. Mkono mmoja aliuweka kifuani.

"Huu wa juu ndio wa leo?"

"Ndio wa leo, Bi Mkubwa."

Mama akauchukua, akaukunja mara mbili, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Ule mwingine akampa Bwana Picha mkononi, akamwambia wa zamani akae nao yeye. Bwana Picha alifungua mdomo kumzuia, maana uzito wa karatasi ile ulikuwa haujaandikwa popote. Halafu akafunga mdomo, na Mama akarudi jikoni kwenye harusi ya watu.